Jouli za Bajaji Zimekwenda Wapi? Kukagua Nishati Kwenye Simulesheni ya Ajali

Chukua bajaji yenye dereva na abiria, tungamo kilo 500, inayovaa nguzo ya chuma kando ya njia ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro, kwa kilomita 36 kwa saa. Kabla ya kuwasha kompyuta, shika kalamu: kasi hiyo ni mita 10 kwa sekunde, hivyo nishati mwendo ni nusu ya 500 mara 10 mara 10, yaani jouli 25,000. Huo ndio mtaji. Kila jouli ionekane ilikotumika.

Programu haijui vipimo; wewe ndiye unayevichagua. Ukitumia tani, milimita na sekunde, nishati hutoka kwa milijouli. Mstari wa kwanza wa matokeo usome 25,000,000. Ukikuta 25 tupu, kasi umeiandika 10 badala ya 10,000.

Agiza programu ya kuiga ajali (OpenRadioss ni ya bure na inatosha) iandike nishati kila milisekunde 0.1, kwa chombo kizima na kwa kila kipande: uma wa mbele, fremu, bodi, sakafu. Hifadhi pia faili za kuendelezea hesabu, maana bila hizo, umeme ukikatika usiku utaanza upya.

Sasa chora grafu. Nishati mwendo itashuka, ya ndani (ile inayoingia kwenye chuma kikikunjwa) itapanda, na jumla ya zote, pamoja na ya msuguano, itulie. Nishati ya ndani hufika kileleni kisha hupungua kidogo: kilichopungua ni cha mnyumbuko, ndicho kinachoirudisha bajaji nyuma. Kilichobaki karibu chote kimeishia kwenye bati lililokunjika.

Jumla isipotulia, usikimbilie kubadili sifa za chuma. Tazama kwanza mguso, yaani hesabu ya vipande vinavyogusana. Nishati yake ikiwa hasi, mara nyingi mabati yamepenyana tangu mwanzo. Mawili ya milimita 1.5, yaliyochorwa kwa uso wa kati (uso wa katikati ya unene wake), yanahitaji nafasi ya milimita 1.5.

Kisha kagua mkunjo bandia. Elementi, yaani vipande vidogo ambavyo programu huligawa bati, zenye nukta moja ya hesabu huweza kujipinda bila upinzani wowote, na programu huzizuia kwa kani za kubuni. Nishati ya kani hizo ikizidi asilimia 10 ya ile ya ndani, hata kwenye kipande kimoja tu, tumia pale elementi za nukta nne, au meshi (mtandao wa elementi) ndogo zaidi. Meshi ndogo ina gharama: elementi ya chuma ya milimita 5 huruhusu hatua ya muda ya hesabu ya takriban mikrosekunde 1, ya 2.5 nusu yake. Wengi hukwepa kwa kuziongezea elementi tungamo ili hatua irefuke, nalo huleta nishati mwendo isiyokuwepo barabarani. Tungamo hilo la ziada lisizidi asilimia 5 ya tungamo lote, na sehemu ya mbele usiiguse kabisa.

Elementi zilizofutwa baada ya kupasuka huondoka na nishati zao. Usipozijumlisha, utadhani hesabu inavuja.