Bonaire: anzia ufukweni, boti baadaye

Ukienda Bonaire, kisiwa cha Karibea, kuzamia, usikimbilie kulipia boti ya wiki nzima. Kodi pikapu, pakia mitungi ya hewa, ufuate mawe ya njano kando ya barabara ya pwani ya magharibi. Kila jiwe lina jina la mahali pa kuzamia, na matumbawe yako karibu sana na ufukwe. Upande huo umekingwa dhidi ya upepo, maji huwa shwari. Boti iweke kwa ajili ya Klein Bonaire, kisiwa jirani kisichofikika kwa gari. Viatu vya soli ngumu ni lazima, maana unapita juu ya vipande vya matumbawe na mtungi mgongoni. Upepo ukigeuka ukavuma toka magharibi, au goti likiwa bovu, panda boti tu. Halafu garini usiache hata simu.