Bodi ya Saketi: Ipi Uitengeneze Nyumbani na Ipi Uiagize Kiwandani

Kabla hujanunua dawa yoyote ya kula shaba, hesabu kwanza tabaka za shaba za saketi yako. Bodi ya upande mmoja, yenye njia za shaba zenye upana wa nusu milimita au zaidi, hutengenezeka nyumbani kwa alasiri moja. Ile ya tabaka mbili ni afadhali uiagize, kwani kiwandani matundu hupakwa shaba kwa ndani ili kuunganisha pande zote, ilhali nyumbani utalazimika kupitisha kipande cha waya katika kila tundu na kukilehemu juu na chini, kazi inayochosha kuliko uchoraji wenyewe.

Ukiamua kutengeneza mwenyewe, chora saketi katika KiCad, programu ya kompyuta ya kuchorea bodi, na uichapishe kwenye karatasi ya kung'aa kwa printa ya leza, kwa sababu tona yake ni plastiki inayoyeyuka kwa joto na kushika shaba. Printa ya wino wa maji haifai. Tabaka la chini huchapishwa bila kugeuzwa, maana programu hulionyesha kana kwamba unalitazama kutoka juu kupitia bodi, na pasi ndiyo italigeuza. Weka neno katika tabaka hilo: kwenye karatasi lisomeke kinyume, ili kwenye shaba lisomeke sawasawa.

Sugua shaba mpaka ing'ae, ifute kwa asetoni na usiiguse tena kwa vidole, kisha ilaze karatasi juu yake, tona ikitazama shaba, na uipige pasi kavu yenye moto mkali kwa dakika kadhaa. Iloweke majini hadi karatasi ilainike, uiondoe kwa kidole gumba, na penye mkatiko uzibe kwa kalamu ya wino usiofutika. Tumbukiza bodi katika kloridi ya feri, dawa inayokula shaba isiyofunikwa na tona, ndani ya chombo cha plastiki, ukiwa umevaa glavu na kufungua madirisha. Dawa ikiwa vuguvugu hula shaba upesi zaidi. Iliyokwisha kutumika usiimwage kwenye sinki, kwa kuwa imebeba shaba na huharibu mabomba ya chuma.

Kuagiza kunahitaji faili za Gerber, yaani michoro ya kila tabaka inayosomwa na mashine za kiwanda, na faili ya matundu. Viwanda vya Shenzhen nchini China, kama JLCPCB, kwa kawaida huanzia bodi 5, na mara nyingi usafirishaji hugharimu zaidi kuliko bodi zenyewe. Kabla ya kutuma, chapisha mchoro kwa kipimo halisi na uweke vipuri vyako juu yake. Kiwanda hakitakuambia kwamba miguu ya transista yako haiingii.