Kupakua Takwimu za Biashara ya Kimataifa Kupitia Maktaba: Mfano wa Korosho

Anayetaka kujua Tanzania imeiuzia India korosho ghafi kiasi gani kwa miaka kumi hana haja ya kuokoteza namba magazetini, kwa kuwa Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa hukusanya takwimu zinazowasilishwa na kila nchi na kuziweka katika hifadhidata ya UN Comtrade, yenye kumbukumbu zinazoanzia mwaka 1962. Sehemu kubwa iko wazi, na kujisajili bure kunatosha kwa kazi ndogo. Upakuaji wa mafaili makubwa kwa mkupuo, hata hivyo, ni wa taasisi zinazolipia, kwa hiyo anza kwa mkutubi: muulize kama maktaba inalipia, na kama huduma hiyo inapatikana kwa mtandao wa chuoni tu au hata ukiwa nyumbani.

Kabla ya kufungua ukurasa wa utafutaji, ijue namba ya bidhaa yako. Namba hizo, ziitwazo HS (Harmonized System, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa), husimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na zilianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Korosho zenye maganda ni 080131 na zilizobanguliwa ni 080132. Tafadhali usizichanganye, maana mjadala mzima wa kubangua korosho nyumbani badala ya kuziuza ghafi umesimama juu ya tofauti hiyo. Kumbuka pia kwamba namba hizi hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa: katika toleo la kwanza korosho zote zilikuwa chini ya 080130, na mtu akichagua toleo hilo kisha akatafuta 080131, hatapata kitu, naye anaweza kudhani kwamba biashara haikuwepo.

Kwenye ukurasa wenyewe chagua bidhaa, kipindi cha mwaka au mwezi, toleo la HS, nchi inayotoa taarifa, nchi mshirika, na kama ni mauzo ya nje au uagizaji. Ukichagua washirika wote, utaona pia mstari wa Dunia, ambao tayari ni jumla. Ukiujumlisha pamoja na nchi moja moja, kila kilo itahesabiwa mara mbili.

Faili likishapakuliwa, usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Excel huiona 080131 kama namba ya kawaida na kuifuta sifuri ya mwanzo, ikabaki 80131, ambayo haitaoana tena na jedwali jingine lolote. Liingize faili kupitia menyu ya data na uitangaze safu hiyo kuwa maandishi.

Kisha pakua upande wa pili, yaani uagizaji wa India kutoka Tanzania. Namba hazitalingana, na hilo si lazima liwe kosa la mtu. Kwa kawaida muuzaji huandika thamani ya mzigo ukiwa bandarini kwake, ilhali mnunuzi huongeza nauli ya meli na bima. Tena msimu wa korosho za Mtwara na Lindi huangukia mwisho wa mwaka, hivyo mzigo ulioondoka Desemba huweza kuandikwa India mwaka unaofuata. Linganisha kwanza kilo, ndipo uende kwenye dola. Na kwa kuwa nchi huzirekebisha takwimu zake, andika pembeni ya jedwali tarehe uliyopakua, toleo la HS na nchi iliyotoa taarifa.