Somo: Kusini mwa Hispania polepole, kwa basi na treni

Watu wengi wakipanga safari ya Andalucía huanza na orodha: Sevilla, Granada, Córdoba, Málaga, Ronda, Cádiz, Marbella, na Gibraltar juu yake. Wanachukua siku za likizo, wanazigawa kwa idadi ya miji, na safari imeshaharibika kabla hata tiketi haijakatwa. Kila ukihama hoteli nusu siku imekwenda. Saa 5 asubuhi unatolewa chumbani, kule uendako hupewi ufunguo hadi saa 9 alasiri, na katikati hapo unakokota sanduku juu ya mawe ya mitaa ya kale. Kwa hiyo somo hili linapanga kinyume chake. Chagua kambi nne, kaa kila moja siku za kutosha, na sehemu nyingine uziendee asubuhi na kurudi jioni. Nimekadiria wiki tatu. Mwenye siku chache asome hadi kwenye maswali.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Ratiba za kule huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 15:30 ni saa 9 na nusu alasiri.

Hatua ya 1: Msimu

Nenda Aprili hadi katikati ya Juni, au katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba. Julai na Agosti joto katika bonde la mto Guadalquivir, zilipo Córdoba na Sevilla, hupita nyuzi 40 na wala si habari. Mtu wa pwani atasema joto kalizoea. Lile ni kavu, halina upepo wa bahari, na hukolea saa 11 jioni, wakati wewe unadhani jua limeshapoa. Granada nayo iko kama mita 700 juu ya bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada. Januari utahitaji koti la kweli.

Juma Kuu, na ile Feria ya Sevilla, tamasha kubwa la mji, inayofuata majuma mawili hivi baada ya Pasaka, ni mambo ya kwenda kuyatazama makusudi, vyumba vikiwa vimeshikwa miezi kabla. Ukiangukia humo kwa bahati mbaya, bei zitakutoa jasho, na mabasi ya mjini yatakuwa yamebadilishiwa njia kupisha maandamano.

Hatua ya 2: Viza

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kuliko siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya afya iwe ya euro 30,000 angalau. Ombi hupelekwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege inatua kwanza kwingine. Hapa mpango wa kambi nne unakusaidia tena: hoteli chache, tarehe zinazofuatana, na afisa anaona njia yako kwa kutupa jicho mara moja.

Hatua ya 3: Kambi

Mgawanyo wangu ni huu: Málaga usiku 4, Granada 5, Córdoba 2 njiani, Sevilla 4, Cádiz 4, Ronda 1, kisha Málaga usiku wa mwisho kabla ya ndege. Marbella nimeiacha. Haina treni, na raha zake ni za mwenye gari na mwenye boti.

Málaga ni mlango mzuri kwa sababu treni ya mjini inapita pale pale uwanja wa ndege na kukufikisha kituo kikuu, María Zambrano, kwa dakika 12 hivi. Stendi ya mabasi ni ng'ambo ya barabara tu. Siku ya kwanza usifanye kitu cha maana. Panda basi namba 11 hadi Pedregalejo au El Palo, vitongoji vya wavuvi, ukale espetos. Ni dagaa wakubwa waliochomekwa kwenye mshikaki mmoja wa mwanzi, sita au zaidi, mshikaki ukasimamishwa kwenye mchanga kando ya moto wa kuni. Jiko lenyewe ni mashua kuukuu iliyojazwa mchanga ufukweni. Mchomaji hutazama upepo unakotoka ndipo anaamua mshikaki aupande upande gani, moshi usiguse samaki. Chumvi ya mawe na basi. Unakula kwa mikono na hakuna atakayekushangaa.

Hatua ya 4: Wapi treni, wapi basi

Hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa kudhani nchi yenye treni za kasi ina treni kila mahali. Reli ya kasi ya kwanza ya Hispania ilikuwa hii hii ya Madrid hadi Sevilla, mwaka 1992, lakini pwani imeachwa. Mashariki ya Málaga kwenda Nerja na Almería hakuna reli ya kufuata bahari. Magharibi treni inakoma Fuengirola. Tarifa haina treni, na Cádiz na Algeciras hazijaunganishwa kwa reli ya moja kwa moja. Basi si chaguo la maskini kule. Ni safi, linaondoka kwa saa, na sanduku linakaa chini ya gari.

Málaga hadi Granada panda basi la kampuni ya ALSA, saa moja na nusu hadi mbili. Granada hadi Córdoba chagua: treni ya kasi, au basi linalochukua karibu saa 3 katikati ya mizeituni isiyo na mwisho. Mimi ni wa basi. Córdoba hadi Sevilla treni ya kasi ni dakika 45, lakini ipo pia ya kawaida, Media Distancia, ya saa moja na ushee, kwa nauli ndogo zaidi. Tofauti kubwa ni hii: nauli ya treni nyingi za kasi hupanda kadiri siku inavyokaribia, ya Media Distancia haichezi. Ya kwanza kata mapema. Ya pili kata hata siku yenyewe. Sevilla hadi Cádiz ni Media Distancia tena, kama saa moja na dakika 40, ikipitia Jerez.

Kwenye treni za kasi mabegi hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na mlango hufungwa dakika 2 kabla ya kuondoka. Fika nusu saa kabla.

Kipande cha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Cádiz panda basi la Tarifa, kisha Algeciras. Siku ya anga safi, pale Tarifa milima ya Morocco iko mbele yako. Maji ya katikati ni kilomita 14 tu. Algeciras unaingia treni ndogo ya kwenda Ronda, kwenye reli iliyojengwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, ikipanda taratibu kufuata bonde la mto Guadiaro, vituo vyake vidogo, mahandaki mengi. Treni zenyewe ni chache kwa siku, kwa hiyo hii ndiyo unayoipanga kwanza, na basi la Cádiz unalipanga kuifuata. Ronda lala usiku mmoja. Watalii wa siku moja wakishaondoka jioni, daraja la Puente Nuevo lililokamilika 1793, mita 98 juu ya bonde, unabaki nalo wewe na wenyeji. Kesho yake basi hadi Málaga.

Hatua ya 5: Kusoma ratiba

Kwenye karatasi iliyobandikwa stendi tafuta herufi kabla ya saa. L-V ni Jumatatu hadi Ijumaa, S ni Jumamosi, D y F ni Jumapili na sikukuu. Hiyo F ndiyo inayowalaza watu stendi. Mbali na sikukuu za taifa na ya Andalucía ya Februari 28, kila mji una siku zake mbili za mapumziko kwa mwaka, na siku hizo mabasi ya vijijini hufuata ratiba ya Jumapili, pengine gari moja asubuhi na moja jioni. Mwulize mwenye nyumba unapofikia: "Mañana es festivo?", yaani kesho ni sikukuu? Kisha piga picha ratiba ya kurudi, si ya kwenda tu.

Kwa Alpujarra, vile vijiji vyeupe vya Pampaneira, Bubión na Capileira kusini ya Sierra Nevada, hili ni la kuzingatia sana. Mabasi kutoka Granada ni machache. Bora ulale huko usiku mmoja katika zile siku 5 za Granada, begi kubwa ukaliache hotelini. Utatembea kando ya mifereji ya maji iliyochimbwa enzi za Waislamu na ambayo mingine bado inamwagilia mashamba.

Mabasi ya kuzunguka mji mkubwa na vitongoji vyake yana kadi moja ya Consorcio de Transportes, inayokubaliwa katika maeneo yote ya aina hiyo Andalucía na kupunguza nauli. Ukiinunua Málaga, utaitumia hata Cádiz, pamoja na boti ya kuvuka ghuba kwenda El Puerto de Santa María.

Hatua ya 6: Cha kukata mapema

Alhambra tu, ile ngome na majumba ya kale ya Waislamu huko Granada. Tiketi huwa na jina lako na saa ya kuingia Majumba ya Wanasri, na ukichelewa saa hiyo hayo majumba umeyakosa. Kata mara tu viza inapotoka, na chukua pasi siku hiyo. Vingine vyote vinaweza kusubiri, ingawa Alcázar, kasri la kifalme la Sevilla, si vibaya kuliwahi.

Hatua ya 7: Mwendo wa siku

Asubuhi tazama mambo. Chakula kikubwa ni saa 8 hadi 10 alasiri: menú del día, sahani mbili, mkate, kinywaji na kitu kitamu kwa bei moja, ambayo jioni ungelipia sahani moja. Baada ya hapo maduka madogo hufungwa na wewe ukalale. Saa 2 usiku mji unaamka upya, vikongwe na watoto wote mabarazani. Ukienda mgahawani kula saa 1 usiku utakuta wafanyakazi wanapanga viti.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Muscat: Shukran kwa somo. Chakula halali na sala vipi? Na je, tunaweza kusali ndani ya Msikiti wa Córdoba?

Kusali ndani hairuhusiwi, na walinzi hufuatilia. Ujenzi ulianza 785 na nguzo zake 856 bado zimesimama, lakini ni kanisa kuu tangu 1236. Nenda asubuhi mapema, kabla makundi hayajaja. Ndiyo maana nimesema mlale Córdoba. Granada upo Msikiti Mkuu uliofunguliwa 2003, mtaa wa Albaicín, bustani yake ikitazamana na Alhambra. Chakula: samaki watakuokoa pwani yote. Hatari ni vitu visivyoonekana kuwa na nguruwe. Salmorejo, supu baridi ya nyanya ya Córdoba, hunyunyiziwa vipande vyake juu, kwa hiyo sema "sin jamón", bila nyama ya nguruwe. Biskuti za mantecados hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Sevilla ulizia espinacas con garbanzos, mchicha na dengu kubwa, na bado uulize.

Kutoka Mombasa: Shikamoo. Nataka kumpeleka mama, miaka 70 na magoti yanamsumbua. Si atateseka?

Marahaba, mwanangu. Málaga, Cádiz na Sevilla ni tambarare, hatateseka. Mnara wa Giralda huko Sevilla hata hauna ngazi nyingi. Unapandwa kwa njia za mteremko, lakini ni 35, mwacheni aamue mwenyewe. Albaicín ndiyo ngumu: mawe na vilima. Tumieni mabasi madogo ya mjini, na namba C30 kwenda Alhambra. Kwenye vituo vikubwa vya treni iko huduma ya bure ya kusaidia abiria, inaitwa Acerca. Iombeni kabla ya siku ya safari. Ronda kwa njia ya Algeciras iacheni. Cádiz rudini Sevilla kwa treni, kisha treni ya saa 2 hivi hadi Málaga.

Kutoka Leicester: Nina pasi ya Kenya na kibali cha kuishi Uingereza. Bado nahitaji viza?

Ndiyo, kibali cha Uingereza hakifungui mlango wa Schengen.

Kutoka Dar es Salaam: Kaka, tukifika Tarifa si tuvuke tu hadi Tangier kwa siku moja? Boti ni saa moja.

Boti ni saa moja, kweli. Viza ndiyo kikwazo. Ukivuka umetoka Schengen, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, hurudi. Gibraltar nayo ulizia masharti yake kwanza. Omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo na uangalie masharti ya Morocco kwa pasi yako.

Kutoka Lubumbashi: Nina siku 10 peke yake.

Basi kambi mbili: Granada na Sevilla, 5 kwa 5, na Córdoba uione ukiwa njiani, sanduku likae kwenye makabati ya kituo au hotelini kwako Sevilla siku ya kwenda na kurudi. Usijaribu kuingiza pwani.

Kutoka Minneapolis: Kadi za benki zinakubaliwa kwenye mabasi, au nitembee na pesa taslimu?

Vyote viwili. Mijini kadi inatosha sehemu nyingi. Basi la kijijini dereva anataka sarafu, na ukimpa noti ya euro 50 atakutazama tu. Na kama mtandao wa tiketi za treni ukiikataa kadi ya nje, usihangaike usiku kucha: kwa Media Distancia nenda dirishani au kwenye mashine kituoni, nauli ni ile ile.