Kuotesha vijiti vya oksidi ya zinki juu ya kioo, ukiwa Mwanza

Watu wengi wakisikia neno nano, yaani vitu vidogo mno vinavyopimwa kwa sehemu za bilioni za mita, wanadhani lazima uwe na mashine za mamilioni. Kwa oksidi ya zinki si hivyo. Vijiti vyake, vyembamba kuliko unywele mara mamia, huota ndani ya chupa ya maji ya moto yasiyofika hata kuchemka. Mimi ni fundi wa maabara hapa Nyegezi, na hii ndiyo njia ninayowafundisha vijana wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo.

Kazi yote iko kwenye mbegu, yaani fuwele ndogo mno za oksidi ya zinki zinazobandikwa kwenye kioo kwanza ili vijiti viote juu yake. Kioo kitupu ukikitumbukiza kwenye dawa ya kuoteshea, vijiti vitaota vichache, vimelala huku na kule, na ukisuuza vinaondoka. Kwa hiyo kwanza safisha kioo: sabuni, kisha asetoni, kisha ethanoli safi (si spiriti ya dukani yenye rangi). Maji yakitandaa juu yake bila kujikusanya matone, kiko tayari.

Pima gramu 0.11 za asetati ya zinki, ile yenye molekuli mbili za maji, uyeyushe kwenye mililita 50 za ethanoli. Dondoshea kioo mpaka kilowe chote, hesabu sekunde kumi, suuza kwa ethanoli safi, pulizia kikauke. Rudia mara nne au tano. Kisha tanuri, nyuzi 350, dakika 20. Asetati inavunjika na kuacha fuwele ndogo mno za oksidi ya zinki, nyingi zikiwa zimesimama wima, na kila kijiti kitafuata mwelekeo wa fuwele iliyokibeba. Masika, hewa ya ziwani inapokuwa na unyevu mwingi, usiache kioo chenye mbegu wazi juu ya meza kabla ya tanuri. Kitatoka na mabaka meupe. Na kiache kipoe humo humo tanurini, kisipasuke.

Sasa dawa ya kuoteshea. Kwa mililita 200 za maji weka gramu 1.49 za nitrati ya zinki yenye molekuli sita za maji na gramu 0.70 za heksamini. Vyote viwili vinafika milimola 25 kwa lita, yaani idadi sawa ya molekuli za kila kimoja. Maji yawe yaliyokenekwa. Yale ya betri yanafaa, ila soma chupa vizuri uhakikishe si asidi. Ya bomba yana chumvi zake, usiyatumie. Heksamini ikipashwa moto inavunjika polepole na kutoa amonia, ndiyo inayofanya oksidi ijijenge taratibu kwenye mbegu badala ya kuganda yote kwa mkupuo. Inatoa pia formaldehaidi, kwa hiyo fungua madirisha, na chupa usiifungue ikiwa ya moto.

Kioo kiwekwe kifudifudi, uso wenye mbegu ukitazama chini, kimeinuliwa kidogo kutoka kwenye kitako cha chupa. Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si kingepata dawa zaidi kikitazama juu?" Kingepata uchafu zaidi. Ndani ya maji yenyewe hujitengeneza unga mweupe unaozama, nao ungefunika vijiti vyako.

Funga chupa, iweke kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la umeme, nyuzi 90, kwa muda wa saa tatu. Angalia hapa: Mwanza tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Maelekezo mengi yanasema 95. Kwetu hiyo ni sufuria inayotokota, chupa inatikisika na kioo kinahama. Baki kwenye 90, na kipimajoto kisitoke majini. Umeme ukikatika, funika sufuria kwa blanketi zito. Maji mengi hushika joto muda mrefu.

Ukitoa kioo, suuza na ukaushe. Utaona ukungu mweupe ulio sawa pande zote. Hadubini ya elektroni ndiyo itakayokuonyesha vijiti vyenyewe, vyenye pembe sita, lakini kuna jaribio la jua: tone la bluu ya methilini kwenye maji, kioo chenye vijiti katika bakuli moja, kioo kitupu katika jingine, yote juani. Rangi ikififia haraka zaidi kwenye bakuli la kwanza, vijiti vinafanya kazi, kwa kuwa vinanyonya mionzi ya urujuanimno.

Ukitaka safu zenye mpangilio, tandaza juu ya maji tulivu tabaka moja la vigololi vya polistirini vya nanomita 500, kisha vinyanyue kwa kioo chenye mbegu. Vikijipanga vizuri utaona rangi zikihama unapoinamisha kioo, kama mafuta ya injini za boti pale mwaloni Kirumba. Mianya kati ya vigololi inazibwa kwa soli ya titani (kimiminika kinachoacha oksidi ya titani kikikauka), vigololi vinaondolewa kwa toluini, kimiminika kinachoviyeyusha, na vijiti vinaota kwenye matundu yaliyoachwa na vigololi tu. Hii inataka subira na mkono mtulivu. Anza na kioo cha kawaida kwanza.

Dawa iliyobaki usiimwage kwenye mtaro, kwa sababu mitaro yetu inaishia ziwani na zinki ni sumu kwa samaki. Tia magadi mpaka unga mweupe uache kujitokeza, chuja, weka tope kwenye dumu lenye lebo. Maji yaliyochujwa nayo yana dumu lake.