Mchaichai na mnanaa kwa mgeni asiyekunywa ulanzi

Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Iringa, akifika mgeni asiyetumia kileo, nyumba nyingi hukimbilia soda ya dukani. Na nyuma ya jiko mchaichai umegeuka kichaka.

Mchaichai hupandwa kwa kugawa shina: ng'oa fungu lenye mizizi, punguza majani, fukia kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90. Adui yake ni baridi ya kuganda. Ukiwa Makete au Njombe, ambako Juni na Julai umande huweza kuamka barafu, upande karibu na ukuta unaopigwa na jua, kisha funika shina kwa nyasi kavu. Mnanaa wenyewe baridi hauijali; shida yake ni utundu. Hutambaa chini kwa chini hadi uteke tuta lote la mchicha, kwa hiyo uweke kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa kitako.

Ninalolisisitiza zaidi ni dawa. Viazi mviringo hupigwa dawa ya ukungu mara kwa mara wakati wa mvua, na upepo haujui mpaka wa shamba. Usipande majani ya kinywaji kando ya viazi, wala usiyamwagilie kwa bomba la dawa, hata ukiapa umelisuuza mara tatu. Ndizi utaimenya, jani la mnanaa linaingia kikombeni lilivyo.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, na mnanaa kabla haujatoa maua.

Kwa lita mbili za maji, twanga kidogo mabua matano ya mchaichai na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, uchemshe dakika 10. Epua kwanza, ndipo utie konzi ya mnanaa na kufunika dakika tano. Wengi huuchemsha pamoja na vingine: majani yanakuwa meusi, harufu yote inabaki jikoni, na mgeni anapewa maji machungu. Chuja, tia sukari au asali, acha ipoe, halafu kamulia ndimu.

Tengeneza ya kunywa siku hiyo. Kwenye friji isizidi siku mbili. Tangawizi na sukari vikiachwa mezani siku kadhaa huanza kuchacha, hata kwa baridi yetu. Chupa ikilia “pwaa” unapoifungua na mapovu yakapanda, hiyo tayari ni njia ya pombe. Imwage kwenye mboji, ubandike sufuria nyingine.