Namna ya Kuandika Wasifu wa Marehemu Baba Aliyeishi Miaka Mingi na Kupenda Utani

Wasifu wa marehemu unaosomwa misibani nchini Tanzania una njia yake iliyozoeleka: alizaliwa mwaka fulani, akasoma, akaajiriwa, akafunga ndoa, akaanza kusumbuliwa na maradhi, akalazwa, mauti yakamfika, ameacha mjane, watoto na wajukuu kadhaa. Njia hiyo haina ubaya, kwani waombolezaji wanaijua na ndugu waliotoka mbali hupata humo wanachotaka kukifahamu. Tatizo ni kwamba mzee aliyefikisha miaka tisini huku akimchekesha kila aliyeketi barazani kwake hupotea ndani yake: maradhi ya miezi ya mwisho hupewa aya mbili nzima, na ucheshi wa maisha yote hupewa sentensi moja kwamba "alikuwa mcheshi na mpenda watu", maneno ambayo husomwa hata kwa waliokuwa hawatabasamu.

Anzeni na miaka, kwa kuwa ndiyo inayobishaniwa. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawakuandikishiwa cheti cha kuzaliwa, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya kukadiria. Tafuteni kwanza cheti cha ubatizo, kama alibatizwa, kisha vyeti vya shule, barua za ajira na kadi ya chama. Visipopatikana, upimeni umri wake kwa matukio aliyoyasimulia mwenyewe. Mtu aliyekuwa akichunga mbuzi wakati askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipokuwa wakipigana Burma mwaka 1944 hawezi kuwa amezaliwa mwaka 1943, hata kama kitambulisho kinasema hivyo. Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza mwaka 1947. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954. Shilingi ya Tanzania ilichukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki mwaka 1966. Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilishika kasi mwaka 1974. Vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 na 1979. Kwa kila tukio, waulizeni ndugu na marafiki wa rika lake waliobaki: wakati huo alikuwa wapi, alikuwa ameoa, ni mtoto gani aliyekuwa bado mgongoni? Majibu yakikataa kulingana, andikeni "mwaka 1935 hivi" na muishie hapo, kwani mwaka wa kubuni ukishachongwa kwenye jiwe la kaburi hauondoki kirahisi.

Kazi kubwa zaidi ni kuukusanya utani wake, na hapo watoto wa marehemu si mashahidi wazuri. Katika jamii zetu nyingi baba huuchunga ulimi wake mbele ya watoto, na mbele ya wakwe huuchunga zaidi, hivyo watoto humfahamu baba aliye nusu tu ya yule anayefahamika kijiweni. Waulizeni wajukuu, ambao ni watani wake halali: yule mjukuu wa kike aliyekuwa akiitwa "mchumba" na kutaniwa mbele ya bibi, na yule wa kiume aliyeshtakiwa kila likizo kwamba amekuja kumnyang'anya babu mke. Waulizeni mashemeji. Waulizeni pia watani wa kabila, kwa mfano Mpare ikiwa marehemu alikuwa Mchaga, au Mnyamwezi ikiwa alikuwa Mzaramo, maana hao walitupiana maneno kwa miaka bila kuogopana na kumbukumbu zao hazijapakwa sukari.

Mnapowasikiliza, warekodini kwa simu badala ya kuandika muhtasari, kwa sababu utani haustahimili muhtasari. Mkiandika kwamba "hata alipozeeka hakuacha kutania", hamjamwambia msikilizaji lolote. Lakini tuseme kila alipoulizwa hali alikuwa akijibu, "Mimi mzima, magoti ndiyo yameomba likizo bila barua". Liandikeni jibu hilo kama lilivyotoka, mkitaja alikuwa akimjibu nani na wapi, na yeyote aliyemjua atamsikia akilisema. Neno lililochekesha kwa lugha yake ya nyumbani libaki katika lugha hiyo, likifuatwa na maelezo mafupi kwa wageni. Visa vitatu vilivyosimuliwa kikamilifu vinatosha. Orodha ya visa kumi huchosha, na waombolezaji waliokaa juani tangu asubuhi hawana deni nanyi.

Si kila kilichochekesha kinafaa kusomwa. Kisa kinachomtaja mtu aliyeketi pale msibani kisomwe kwa ruhusa yake tu, na mjane asikilize rasimu yote kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzaha kuhusu madeni, pombe au nyumba ndogo waachieni watani, ambao mila imewapa kibali cha kumuigiza marehemu na kusema yasiyosemeka. Mtoto wa marehemu hana kibali hicho. Kwa sababu hiyo mwongozaji wa ratiba azungumze na watani mapema, ili wasirudie kisa kilichomo katika wasifu wala wasivamie wakati wa sala.

Upande wa urefu, kurasa mbili zinatosha kwa msomaji asiyeharakisha. Maradhi yapewe sentensi mbili: alianza kuugua lini na alifariki wapi. Kwa Waislamu, ambao mazishi yao hayacheleweshwi, ni vyema makaburini kusomwe maneno machache tu, na wasifu kamili usubiri hitima au arobaini, ambapo pia kutakuwa na muda wa kusahihisha miaka.

Msomaji asichaguliwe kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa. Achaguliwe anayeweza kutamka maneno ya mzee kwa sauti yake ya kawaida bila kumuigiza, na asimame kidogo watu wanapocheka badala ya kuwakatiza. Mtu wa pili akae karibu akiwa na nakala yake, aendelee pale wa kwanza atakapozidiwa. Zile rekodi za simu zisiachwe kwa mtu mmoja: wapelekeeni ndugu wawili au watatu wanaoishi nyumba tofauti, kila moja ikiwa na jina la msimuliaji na tarehe aliyorekodiwa.